Ukurasa wa Kituo cha Saba

Zuhura mwanangu,

Salamu tutapeana kwa mdomo jioni, ukishuka kutoka Kinole ulikokwenda kumuaga mjomba, kwa hiyo hapa naziruka. Naziruka pia habari za chakula, za blanketi, za upepo wa Dodoma, za watu wa kuwaamini na wa kutowaamini. Hayo umeyasikia wiki nzima, na nimeona ulivyokuwa ukiitikia "ndiyo mama" huku unakunja nguo. Una akili zako. Ninachotaka kukuandikia ni jambo moja, nalo limo ndani ya begi lako jeusi, kati ya sweta na bahasha ya vyeti: lile daftari langu la mawe.

Usimwonyeshe mtu yeyote daftari hilo kabla hujafika mwisho wa barua hii.

Nimechoka leo. Nimefunga kibanda mapema, viungo nimevifunika kwa turubai, nikarudi nyumbani na kukaa mezani tangu adhuhuri bila kuandika neno. Goti linauma, na nitakueleza kwa nini. Lakini uchovu mwenyewe ni wa siku nyingi, wa kubeba kitu kidogo mahali pamoja bila kukibadilisha mkono.

Nusu ya habari hii unaijua, maana umekuwa ukiwasimulia wageni. Kwamba mama yako alipokuwa na miaka kumi na tisa, amemaliza kidato cha nne na hana pa kwenda, alifika mtafiti Kinole akitafuta watu wawili wanaoandika namba vizuri, wamsaidie kupima mawe ya mto. Kwamba akanichukua mimi na Tatu, huyo unayemwita mama mdogo. Kwamba tuliufuata mto kutoka juu msituni hadi tambarare, vituo kumi, mawe mia kila kituo. Unasimulia vizuri kuliko mimi. Ukifika kwenye hesabu unasema, "Mawe elfu moja, kwa mikono hii hapa," unanishika mikono, na wageni wanacheka.

Nusu ya pili hujaisikia. Ni Tatu peke yake anayeijua.

Nianze na hiyo mikono. Mimi na Tatu tulikulia kwenye machungwa. Kabla sijajua kusoma nilijua kuchambua: makubwa huku, ya kati huku, madogo na yenye makovu kule. Wachuuzi walipopanda kutoka mjini walikuta bibi yako ameshapamba tenga, madogo chini, makubwa juu, yenye rangi nzuri yakielekea upande wa mnunuzi. Hakuona kama anamdanganya mtu. Kila tenga la Kinole lilikuwa hivyo, na mnunuzi naye alijua. Alipenyeza mkono hadi chini kabla ya kutaja bei. Ilikuwa desturi tu. Ila mkono ukishafundishwa hivyo utotoni, haufundishiki kingine kwa urahisi.

Yule mtafiti tulimwita Dokta. Siku ya kwanza mtoni alitufundisha kazi yenyewe. Unatembea kisigino kwa kidole kutoka ukingo hadi ukingo. Kila hatua unatazama mbele, milimani au kwenye miti, usitazame maji. Unainama, unashusha kidole kwenye ncha ya kiatu, na jiwe la kwanza kuguswa ndilo lako. Unapima upana wake wa kati, si urefu wala unene, kwa kile kibao cha bati chenye matundu ya mraba. Likipita tundu hili na kukwama linalofuata, unataja namba, na mwenzako anaandika.

Nilipima mawe thelathini, akanisimamisha.

"Binti, unachagua."

"Sichagui, Dokta."

"Mbona yote yanaenea kiganjani?"

Nikatazama rundo langu. Kweli, yote yalikuwa ya duara, ya ukubwa mmoja, masafi. Tatu akaangua kicheko hadi akaangusha kalamu majini.

"Msamehe, Dokta. Huyo anatafuta ya kupanga juu ya tenga."

Dokta akataka kujua tenga limeingiaje mtoni, Tatu akamweleza. Hakucheka. Alichuchumaa, akaondoa mawe ya juu moja moja, mahali pa ukubwa wa sinia, kisha akatuita. Chini ya yale makubwa kulikuwa na madogo matupu, changarawe na mchanga, mengi kuliko nilivyodhani.

"Basi mto nao ni mchuuzi," akasema. "Maji ya siku zote yanafagia vidogo vya juu, makubwa yanabaki yamefunika. Ukiangalia juu juu utadhani ni hayo tu."

Kisha akanigeukia mimi. "Binti, mimi sitaki mawe mazuri. Nataka yaliyopo."

Aliniambia kwa upole, lakini nilihisi uso unawaka. Nilikuwa nimezoea kuwa wa kwanza darasani, Zuhura. Sikuwa nimezoea kuambiwa nimekosea mbele ya mwenzangu. Nikaapa moyoni kwamba hatanikamata tena.

Baada ya mafunzo hayo tulipanda, tukaanzia juu kabisa, ambako jiwe moja ni kama mbuzi aliyelala, hata kibao hakikufaa, tukapima kwa utepe wa fundi nguo. Nilikuwa nikiyaita mawe kwa majina ya matunda. Kituo cha pili, mafenesi. Cha tatu, mapapai. Cha nne, nazi. Jioni tulipokuwa tukichora namba kwenye karatasi ya miraba, mstari ulikuwa ukishuka kidogo kidogo, nami nilifurahi kuutazama kama ninavyofurahi hadi leo kuona pilipili manga iliyochambuliwa ikakaa madaraja.

Tatu ndiye aliyeuliza kwa nini yanapungua. Mimi niliogopa kuuliza nisionekane sijui.

"Yanachoka, eti Dokta? Hata mimi nikisukumwa kutwa hivi ningekonda."

"Wewe umesukumwa wiki nzima hujakonda," nikamwambia.

Dokta akasema ni mambo mawili. La kwanza ni hilo la Tatu: mawe yanagongana, yanasagana, yanapoteza kona zake. La pili, ambalo yeye aliliona kubwa zaidi, ni kwamba mto ukishuka mlima unalegea. Ukilegea unashindwa na mazito, unayaacha hapo ulipofika, unaendelea na mepesi. Kwa hiyo jiwe kubwa unalolikuta juu halijasagika, limeachwa tu. Alituonyesha lile jiwe jeupe gumu, akasema hilo halisagiki upesi, ukilikuta dogo kule chini usidhani lilitoka kubwa, huenda lilianza dogo na ndiyo maana limefika.

Mimi nilisikia kitu kimoja tu katika maneno yote hayo: mawe hupungua kadiri unavyoshuka. Hilo ndilo nililoliandika kichwani na kulipigia mstari. Mwanafunzi mzuri huwa anasikia jibu.

Kituo cha sita yalikuwa machungwa ya kati. Siku ile Dokta akapata homa. Kufika alasiri alikuwa anatetemeka, ikabidi ashushwe mjini kutibiwa. Kabla ya kuondoka alinikabidhi mimi daftari, si Tatu. "Fanyeni kituo cha saba, msiharakishe. Nikirudi nitakuta mmemaliza." Sikuwahi kupewa dhamana kubwa kama ile.

Kituo cha saba unakijua. Ni pale chini kidogo ya kijito kinachotoka kwenye migomba ya ukoo wa kina Tatu, kinachoshuka kwa kasi kama mtu aliyejikwaa na kuingia mtoni upande wa kulia. Tukaanza asubuhi. Nilitazama mlimani kama nilivyofundishwa, nikashusha kidole, nikachukua kilichoguswa. Nilifanya kwa uaminifu wote, mwanangu. Mawe mia moja. Tulipomaliza tukakaa ukingoni kuyapanga. Yalikuwa mapapai. Tena na nazi nyingi. Makubwa kuliko ya kituo cha tano, achilia mbali cha sita.

"Tumekosea," nikasema.

"Tumekosea nini?" Tatu akauliza. "Umeokota, nimeandika."

"Hayawezi kukua. Yanatakiwa kupungua."

"Nani kayaambia yanatakiwa?"

"Dokta akiona hivi atasema nimechagua makubwa tena. Atatufukuza."

"Basi atufukuze, tukachambue machungwa."

"Wewe una mchumba, Tatu. Mimi nina nini?"

Nilikuwa nimemwambia maneno mabaya. Alijua nilichokuwa nakitumaini: kwamba kazi ikienda vizuri Dokta atanisemea nipate nafasi ya chuo.

Nikaurarua ukurasa. Nikaukunja nikautia majini. Haukwenda hata mbali, ulinasa kwenye jiwe, ikabidi niusukume kwa fimbo. Kisha nikaanza upya, macho yakiwa wazi. Niliyaruka makubwa. Nilinyoosha kidole pale nilipoona dogo.

"Umeliruka hilo," Tatu akasema.

"Lipi?"

"Hilo la kufulia."

"Kidole hakikuligusa."

"Kitaligusaje, na umekipeleka Bagamoyo?"

Aliandika, lakini kila namba aliirudia kwa sauti, polepole, ili niisikie. Tulipomaliza, kituo cha saba kilikuwa ndimu na machungwa madogo, chini ya cha sita kwa kiasi kidogo tu, kama inavyopendeza. Nilikuwa nimelipamba tenga.

Dokta alirudi baada ya siku mbili, amekonda, macho ya manjano. Alikaa juu ya jiwe, akafungua daftari, akafuata mstari kwa kidole. "Mnaandika vizuri sana," akasema. Alipofika cha saba akasimama. Akakitazama kile kijito, akatazama tena namba.

"Hapa hamkuona makubwa? Kile kijito hakileti kitu?"

Zuhura, nimeishi na swali hilo miaka yote. Aliniuliza bila hasira. Alikuwa kama anayenifungulia mlango. Tatu alikuwa anafunga kamba ya kiatu na hakuinua kichwa.

Nikasema, "Hapana, Dokta. Ni madogo tu."

"Ajabu," akasema. Akachukua penseli akaandika pembeni: *Ajabu. Kurudi hapa.*

Hakurudi. Tulimaliza vituo vitatu vilivyobaki pamoja naye. Kati ya cha tisa na cha kumi tulikutana na kitu cha ajabu zaidi: kokoto zilikuwa zikipungua taratibu, ghafla zikaisha. Tulitembea umbali usiozidi kutoka hapa kwetu hadi sokoni, na chini ya miguu ikawa mchanga mtupu. Ukubwa wa kati ya kokoto na mchanga haukuwepo. Hilo halikufanana na mstari wangu kabisa, na nililiandika kama lilivyo: kituo cha kumi, mchanga, mara mia. Unajua kwa nini? Dokta alikuwa amesimama hapo hapo, anaona mwenyewe. Sikuwa na cha kuogopa. Nimelifikiria jambo hilo kuliko hata ule uongo.

Alipoondoka alitoa nakala za kurasa zote, daftari lenyewe akaniachia kwa kumbukumbu. Barua ya kunisemea aliandika, na ilikuwa nzuri, ila nafasi sikuipata, kwa sababu nyingine zisizohusu mawe. Niliifurahia sifa ile kwa muda, kisha nikaanza kuona haya kila nilipoisoma, nikaiweka ndani ya daftari, nikaweka daftari ndani ya sanduku.

Ningependa kukuambia kwamba nilifanya hivyo mara moja tu maishani. Baba yako alipoacha kurudi kutoka mashamba ya miwa, niliwaambia majirani wa hapa Mwembesongo kwamba yuko zamu. Mwezi wa kwanza ilikuwa kweli. Baadaye haikuwa kweli, na niliendelea. Nilijinunulia kanga mwenyewe nikasema amemtuma mtu ailete. Ulikuwa na miaka tisa uliponiuliza, unamenya kitunguu, hata hukunitazama: "Mama, zamu ya baba inaisha lini?" Nikakujibu, "Karibu." Ukasema, "Haya." Hukuuliza tena. Nilikuja kujua baadaye kwamba ulikuwa umeshaambiwa shuleni na watoto wa wafanyakazi wenzake kwamba hatarudi, na ulikuwa unanipa nafasi. Mtoto wa miaka tisa ananifungulia mlango, nami naufunga.

Sikuwa mvivu, mwanangu, wala sikuwa na roho mbaya. Sikuwaibia watu vipimo kwenye viungo, hata siku moja, waulize. Nilichokuwa nacho ni kupenda mambo yakae yalivyotarajiwa. Jambo likikataa kukaa, nilihisi nimekosea mimi, nikakimbilia kulirekebisha kabla halijaonekana.

Sasa nije kwako.

Ulipokuwa unasoma chuoni hapo Mazimbu, ukirudi jioni unatupa mkoba na kuanza kunisimulia maji na udongo, nilikuwa nasikiliza kwa furaha na kwa hofu. Siku uliyolitoa daftari sandukuni nilikuwa nasaga mdalasini. Ulikaa sakafuni ukasoma kurasa zote. Nilidhani utachoka kabla ya cha saba. Hukuchoka. Ulisema:

"Mama, pale kijito kinapoingia, mbona mawe hayakukua?"

"Yalitakiwa yakue?"

"Kila mto niliousoma, kijito chenye kasi kikiingia kinaleta mawe yake mapya, hayajasagika. Mto unaanza upya kuanzia hapo. Huu wa kwetu haukuanza upya. Hata mtafiti wenu ameshangaa, ona, kaandika."

Niliendelea kusaga. Ndipo nilipojua, baada ya miaka yote hiyo, kwamba sikuwa nimeficha kosa langu. Nilikuwa nimeficha kile kitu chenyewe Dokta alichopanda mlima kukitafuta. Nilikuwa nacho mkononi, kimeandikwa kwa uaminifu, mawe mia, nikakisukuma kwa fimbo.

Ningesema hapo hapo. Nilifungua mdomo. Ukasema, "Nitaitafuta sababu mimi," na macho yako yalikuwa yanang'aa, nikasema, "Haya mama, tafuta." Kisha ukaandika andiko lako la utafiti, ukalipeleka Dodoma, wakakupokea. Ulinisomea sentensi ya kwanza hapa mezani. Ulisema wenzako wanaanza na vitabu vya watu, wewe unaanza na mama yako. Msimamizi wako amekuandikia kwamba swali la mto wenu ni zuri na si la kawaida.

Si la kawaida kwa sababu mimi nililitengeneza. Swali lako lote la shahada ya pili limesimama juu ya ukurasa wa uongo, mwanangu, na ukurasa huo ni wangu. Nimejua hivyo kwa miezi, nikakutazama unapiga pasi nguo za safari.

Siku nne zilizopita nilikuambia nakwenda Kinole kuchukua mdalasini. Mdalasini nilichukua, lakini kwanza nilipita kwa Tatu. Nilimkuta anaanika karafuu. Nikamwambia nataka tushuke kituo cha saba tukahesabu upya.

Hakuuliza cha nini. Alikung'uta mikono.

"Mimi nilikuwa nakungoja useme," akasema. "Nimengoja mpaka nimepata wajukuu."

Tulikwenda na rula na daftari jipya. Wanawake waliokuwa wanafua walitutazama, watu wazima wawili, mmoja anatembea majini kisigino kwa kidole huku ametazama mlima kama anayesubiri mwezi uandame.

"Shikamoo mama, umepoteza nini?" mmoja akauliza.

Tatu akamjibu kwa niaba yangu. "Ujana wake. Uliangukia hapa hapa, ukiuona tupe."

Nilipima mawe mia. Goti lilikataa kwenye arobaini, nikapumzika, nikaendelea. Tulipanda tukapima na kituo cha sita, mawe mia mengine, ili usiniulize nimelinganisha na nini. Kila nilipoinama nilitaka kutazama, hata sasa, hata kwa umri huu. Jicho linavutwa lenyewe. Tatu alikuwa ananikumbusha: "Mlima, Mwajuma. Tazama mlima." Nilitazama. Kituo cha saba ni mapapai, Zuhura. Kijito kinaleta makubwa yake, kama vitabu vyako vinavyosema, na mto unaanza upya kuanzia hapo.

Kurasa hizo mbili nimezikunja pamoja na barua hii. Tatu ametia sahihi yake, nami yangu. Lakini siwezi kukuambia kwamba haya ndiyo yaliyokuwepo zamani. Watu wamelima hadi ukingoni tangu wakati ule, mvua kubwa zimepita, kijito kimehama kidogo kuelekea chini. Ule ukurasa wa kweli ulikwenda na maji na hautarudi. Namba mpya haziwezi kukaa mahali pake, na usiache mtu akushawishi uziweke hapo, hata mimi. Unachojua kwa hakika ni hiki tu: vituo tisa vilipimwa vizuri, cha saba ni cha uongo, na aliyedanganya ni mama yako.

Sijui itakuwaje huko. Huenda watakwambia ubadilishe swali. Huenda watakuchelewesha. Huenda msimamizi ataona hapa kuna swali jingine, kuhusu mto uliobadilika tangu mimi na Tatu tulipokuwa wasichana hadi leo. Hilo ni tumaini langu mwenyewe, si elimu, usilitegemee. Nimejaribu kufikiria njia ambayo haitakuumiza na sikuiona.

Sikuandikii haya ili nikufundishe kusema kweli. Hilo unalijua tangu ukiwa na miaka tisa, kuliko mimi. Ninachokiogopa ni kwamba wewe ni mwanafunzi mzuri. Nimekulea hivyo. Nilikusimamia hadi daftari lako likawa safi kuliko ya wenzako wote, na ukipata alama ya chini nilinuna, ingawa nilisema si kitu. Siku moja utakuwa peke yako, mwalimu hayupo, na namba itakuja isiyofanana na ulichofundishwa. Uso utawaka. Utahisi kwamba umekosea wewe. Sijui dawa ya joto hilo, kwangu halijaisha. Ninachojua ni kwamba linapita kama ukikaa kimya kidogo na hujagusa kitu. Mimi sikukaa. Nilikuwa na haraka ya kusifiwa.

Nilinunua bahasha ya kaki ya barua hii. Nilikuwa nimepanga kuitia chini kabisa ya begi, chini ya vitenge, uikute utakapopanga vitu vyako huko. Ungeisoma Dodoma, nami ningekuwa hapa nauza iliki, nisiuone uso wako. Nimeitazama bahasha hiyo alasiri nzima. Hapana. Utaipata mkononi, leo, ukishavua viatu na kabla hatujala. Nitakaa kwenye kile kiti kingine unapoisoma. Usinionee huruma ukaharakisha.

Basi linaondoka asubuhi, na msimamizi wako umesema hupokea simu mapema. Ukitaka kumweleza kabla hujapanda, mpigie ukiwa hapa hapa nyumbani. Ukitaka kumwambia ana kwa ana ukifika, sawa. Ila akiuliza ilikuwaje, usinitafutie maneno. Nipe simu, nitamwamkia, nitamtajia jina langu, kisha nitamweleza mwenyewe kuhusu kituo cha saba.

Mama yako,
Mwajuma